Usiniulize Wapi Kuna Maisha Bora

Nasoma shahada ya uzamili Nairobi. Nyumbani ni Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo moja tu, watu wa pande zote mbili wameniteua kuwa mwamuzi wao. Nikifika nyumbani likizo, kabla sijamaliza kuwaamkia wakubwa, kuna mjomba atauliza: "Haya, tuambie ukweli, wapi kuna maisha?" Nairobi nako wenzangu darasani wana swali lilelile, ila wao wanakuja na jibu mkononi: "Nyinyi Watanzania mna raha, hamna presha." Sijawahi kujua kama hiyo ni sifa au ni kejeli iliyopakwa asali.

Siku hizi sijibu. Swali hili, kwa namna tunavyoliuliza, halitafuti ukweli wa maisha ya mtu yeyote. Linatafuta mshindi. Na mshindi akishapatikana, anayefaidika si mimi, si wewe, wala si mama anayeuza chapati Kawangware. Wanaofaidika ni wanaotutawala, kwa sababu kila upande umewapa watawala wake jibu rahisi la kila lalamiko: angalieni wenzenu.

Mechi hii ina umri mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Na. 10, uliojiita ujamaa wa Kiafrika huku ukiuachia mlango wazi mtaji binafsi. Mwaka 1967 Tanzania ikatoa Azimio la Arusha. Tangu hapo majirani wawili wenye lugha moja, ziwa moja na mpaka uliochorwa na wakoloni kwa rula wakageuzwa kuwa jaribio la maabara: nani atatajirika, nani atabaki na utu wake? Inasimuliwa kwamba Watanzania waliiita Kenya jamii ya mtu kula mtu, na jibu likavuka mpaka upesi kwamba kwetu hakuna hata cha kula. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983.

Mifumo iliyouzaa utani ule imeshakufa. Utani wenyewe bado unatembea. Tunabishana kana kwamba kila Mkenya ni bepari na kila Mtanzania ni mjamaa, wakati mtu wa Mathare na mtu wa Manzese wote wananunua maji kwa dumu, wote wanakatwa ada wakituma pesa kwa simu, na wote wanasubiri kodi ya nyumba iwakute mwisho wa mwezi na mfuko mtupu.

Tazama silaha tunazopigania.

Ya kwanza ni shilingi. Mkenya atakukumbusha, akicheka, kwamba shilingi yake moja ni kama ishirini zako. Ni kweli, na haina maana yoyote. Mwaka 1966, tulipoachana na shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi zetu zilianza safari zikiwa sawa kwa sawa. Tofauti iliyokuja baadaye inasimulia habari za mfumuko wa bei na sera za fedha za miongo kadhaa; haikuambii mtu ana nini sahanini leo. Yeni ya Japani inabadilishwa zaidi ya mia moja kwa dola moja, na shilingi ya Kenya vilevile. Sijakutana na mtu aliyehitimisha kwamba Nairobi na Tokyo zinaishi maisha ya aina moja.

Silaha ya pili ni uchumi wa kati. Kenya iliingia kundi hilo mwaka 2014, baada ya wataalamu wa takwimu kubadili mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa. Uchumi ulionekana umekua kwa takribani robo kwa tangazo moja. Shughuli zilizohesabiwa zilikuwepo kweli na zilikuwa zimesahaulika, kwa hiyo hakukuwa na hila. Lakini asubuhi iliyofuata hakuna muuza mboga aliyeuza fungu moja zaidi. Tanzania nayo ilivuka Julai 2020. Wastani wa pato la mtu ulikuwa umetoka dola 1,020 mwaka 2018 hadi dola 1,080 mwaka 2019, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulipiga vigelegele kwa dola 44. Nakumbuka mabango. Nakumbuka pia kwamba nauli ya daladala haikushuka hata shilingi hamsini kwa heshima ya siku hiyo.

Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza hesabu za kwanza za kina za pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa kutoka kwenye tarakimu hiyo. Miaka tisini baadaye tunaitumia kana kwamba yeye hakusema kitu.

Silaha ya tatu ina heshima zaidi, na ndiyo wasomi wenzangu wanaipenda: Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoanzishwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa mwaka 1990, ikiwa kazi ya Mahbub ul Haq na wenzake. Inachanganya mambo matatu: umri wa kuishi, elimu na kipato. Katika ripoti iliyotoka Machi 2024, Kenya ilikuwa nafasi ya 146 na Tanzania ya 167. Mechi imekwisha?

Subiri kwanza. Fungua jedwali lilelile, usiishie kwenye safu ya mwisho. Kwa kipato, Kenya iko karibu mara mbili ya Tanzania hata baada ya kurekebisha tofauti za bei. Kwa miaka ya shule, Mkenya mtu mzima amesoma kwa wastani zaidi ya miaka saba, Mtanzania chini ya sita. Lakini kwa umri wa kuishi, Mtanzania anatarajiwa kufika karibu miaka 67, Mkenya takribani 62. Nchi iliyo juu kwenye orodha ndiyo ambayo watu wake wanakufa mapema.

Sasa niambie: miaka mitano ya uhai ni sawa na shilingi ngapi za kipato? Ni sawa na madarasa mangapi? Fahirisi ina jibu, kwa sababu lazima itoe namba moja. Binadamu hana jibu la namna hiyo, wala hapaswi kuwa nalo. Ukiniuliza kama nataka bibi yangu aishi miaka mitano zaidi au nataka mdogo wangu asome miaka miwili zaidi, nitakuuliza wewe ni nani hata uniwekee vitu hivyo kwenye mizani moja.

Kuna kosa jingine ndani ya mchezo huu: tunalinganisha kana kwamba tunalinganisha visiwa. Mahindi yanayosagwa na kuwa unga wa ugali wa Nairobi, mengi yanatoka Tanzania. Vitunguu vilevile. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalijipanga mpakani, na ndani ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Nchi mbili hazikuweza kukaa wiki moja bila kulishana. Ugali ukiwa ghali Eastleigh, mkulima wa Mbeya au Songea ananusa bei. Dodoma ikifunga mpaka, mama wa Kibera anapunguza kipimo cha unga. Utasemaje basi kwamba huyu ana maisha na yule hana, wakati sufuria la mmoja linachemkia kwenye kuni za mwenzake?

Lakini kinachonikera kuliko takwimu ni kazi ambayo ulinganisho huu unafanya mdomoni mwa wakubwa.

Ukidai jambo Tanzania, iwe katiba mpya, iwe maelezo ya tozo, kuna mtu atakuuliza: "Mnataka yatufike kama ya Kenya?" Atakukumbusha vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100. Ni kumbukumbu ya kweli na ya kuumiza. Lakini inatumika kama kufuli. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia mitaani kupinga Muswada wa Fedha, na makumi ya watu wakauawa katika wiki zile, kwetu wengi walishukuru kwa amani tuliyonayo. Wachache walitaja nusu ya pili ya habari: kwamba siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni tarehe 25, Rais alikataa kutia saini muswada ule. Tulipewa maiti kama somo, tukanyimwa matokeo.

Upande wa Nairobi kufuli hilo lina umbo lingine. Ukilalamikia makato, kwamba mshahara unakatwa asilimia 1.5 ya nyumba na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya bima ya afya, utaambiwa angalau uko nchi yenye uchumi mkubwa kuliko wote katika ukanda huu, angalau unaweza kupiga kelele. Kana kwamba kelele ni huduma. Kana kwamba mgonjwa aliyeambiwa kaunta kwamba mfumo uko chini anaweza kumeza uhuru wa kujieleza mara tatu kwa siku baada ya chakula.

Ndivyo jirani anavyotumika kututuliza. Kila serikali imepata jirani mbaya wa kutosha wa kujilinganisha naye, na sisi tunawasaidia kazi hiyo bure, usiku kucha, kwa simu zetu wenyewe na vifurushi tulivyonunua kwa hela zetu.

Kuna atakayesema naleta usomi usio na msaada. Watu wanahama, atasema; nesi, mwalimu, fundi, kijana aliyemaliza chuo wanahitaji kujua waende wapi, na kuwaambia wasilinganishe ni anasa ya mtu mwenye ada ya shule. Hoja hiyo naiheshimu. Ila anayehama haulizi nchi gani ni bora. Anauliza: mimi, mwenye cheti hiki, mtoto huyu na sukari hii mwilini, nitapata nini mtaa gani, kwa shilingi ngapi, na nikidhulumiwa nitamshitaki nani? Hilo ni swali tofauti kabisa. Lina jibu, na jibu lake linaweza kuwa Nairobi kwa binti anayetafuta kazi ya programu za kompyuta, na Moshi kwa mama yake mwenye presha. Mechi ya mataifa haimsaidii hata mmoja wao.

Sisemi basi tuache kulinganisha. Nataka tulinganishe kwa ukali zaidi, kitu kwa kitu, na kila tukimaliza awepo kiongozi anayetakiwa kujieleza. Jirani mwenye mazingira yanayofanana na yako ni shahidi bora kuliko Ulaya yote. Ukimwambia kiongozi wako kwamba Norway wanafanya hivi, atacheka: sisi si Norway. Ukimwambia wa ng'ambo ya Namanga wanafanya hivi, kicheko kinakwama kooni.

Anza na barabara. Mei 2016 Dar es Salaam ilianza kuendesha mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwenye njia iliyotengwa kwa ajili ya basi la abiria wa kawaida. Tunayalaani, na tuna haki: abiria wanabanana kama dagaa kwenye gunia, na kituoni unaweza kusubiri mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Lakini lami ile alipewa asiye na gari. Nairobi, yenye pato kubwa zaidi, mwaka 2022 ilifungua barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ambayo gari hulipia kupita. Njia za mabasi ya aina ya Dar zimezungumzwa Nairobi miaka na miaka, na mpaka leo abiria anazisubiri. Chini ya nguzo za barabara ile, asubuhi, utaona maelfu wakienda kazini kwa miguu. Mkenya akiambiwa hakuna fedha za usafiri wa umma, jibu lake liko kilomita mia chache kusini: walio maskini kuliko nyinyi waliupa kipaumbele.

Nenda kwenye wodi ya wazazi. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya za Tanzania, vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata 355. Njia za kukokotoa zinatofautiana, na mwanatakwimu yeyote atakuambia usizisome kama matokeo ya mpira. Kwa hiyo usizisome hivyo. Zisome kama swali ambalo mwanamke wa Turkana au Tana River ana haki ya kulipeleka kwa gavana wake: nini kilifanyika kule, na kwa nini hapa bado?

Sasa geuza meza. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2022, takribani robo tatu ya Wakenya walikuwa na umeme. Tanzania haikufika nusu. Tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha Februari 2024, na tunalipigia picha kwa fahari. Vizuri. Lakini swali la jirani linabaki: umeme huo utafika lini kwenye nyumba ambayo nguzo imepita mbele yake na waya haukuingia ndani?

Na kuna mambo ambayo hayana safu kwenye jedwali lolote. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji na elimu, na mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Katiba ya Tanzania ya 1977 inayataja mengi ya malengo hayo kwa maneno mazuri, kisha ibara ya 7 inasema mahakama haziwezi kuyasimamia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais. Kwetu, ibara ya 41(7) inakataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha, mlangoni kwetu, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Nani atanishawishi kwamba hili si suala la kiwango cha maisha? Mtu asiye na pa kushitakia anaishi kwa hisani, hata akishiba.

Usikimbilie kushangilia, Mkenya. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini, Busia kwenu na Meatu kwetu. Busia, mahali penye makabila mchanganyiko palichangia shule zake pesa kidogo kuliko mahali penye kabila moja. Meatu, mchanganyiko haukuwa na gharama hiyo. Alihusisha tofauti hiyo na kazi ya miongo ya kujenga taifa: Kiswahili, mtaala, siasa ya umoja. Maana yake ni kwamba dawati la mtoto lilitegemea kama wazazi wanaaminiana, na kuaminiana huko kulijengwa na sera za serikali. Hakukudondoka kutoka mbinguni wala hakumo kwenye damu ya Watanzania. Anayekuambia ukabila wa Kenya ni hulka isiyotibika, shahidi wa Meatu anamkanusha. Anayemwambia Mtanzania kwamba ukiruhusu mahakama kufuta uchaguzi nchi itateketea, shahidi wa Nairobi anamkanusha.

Ndiyo maana mechi ile ya jumla inapendwa. Ukilinganisha nchi kwa nchi, mwisho wake ni fahari au aibu, na vyote viwili havimgharimu kiongozi chochote. Ukilinganisha kitu kwa kitu, kila kisingizio kinapoteza mguu mmoja. Hatuna fedha: wenye kidogo kuliko sisi walifanya. Watu wetu hawajawa tayari: wenye lugha yetu, chakula chetu na historia yetu walikuwa tayari. Amani itavunjika: haikuvunjika. Tusubiri tukue kwanza: wao hawakusubiri.

Kizazi chetu kina kitu ambacho waliobishana mwaka 1967 hawakuwa nacho. Bajeti ya jirani inasomeka kwa simu. Hukumu za mahakama yake, bei za soko lake, ratiba za mgao wake wa maji, vyote viko wazi, na vingi tunaweza kuvijadili kwa lugha moja bila mkalimani. Mwanafunzi wa Dodoma na wa Eldoret wanaweza kukaa jioni moja na kuweka mikopo ya elimu ya juu ya nchi zote mbili mstari kwa mstari: nani anapata, anakatwa kiasi gani, anaanza lini kukatwa. Wakimaliza, kila mmoja atakuwa na orodha fupi ya maswali yenye anwani. Mbili kati ya hizo zikisomwa hadharani, Dodoma na Nairobi, siku moja, zitawakosesha usingizi watu wengi zaidi kuliko mabishano ya miaka sitini kuhusu nani ana raha na nani ana hela.